Utasa na Hesabu ya Watu

Mwanzoni mwa 1971 Robert Edwards, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, na Patrick Steptoe, daktari wa magonjwa ya wanawake katika mji wa viwanda wa Oldham, waliliomba fedha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Walitaka kuendeleza kazi ya kumsaidia mwanamke ambaye mirija yake ya uzazi imeziba: kulitoa yai lake, kulirutubisha kwa mbegu za mumewe ndani ya chombo cha kioo, kisha kulirudisha katika mji wa mimba. Baraza lilikataa. Baadhi ya sababu zake zilikuwa na uzito. Washauri walihofia mtoto atakayezaliwa na kasoro, wakataka majaribio yafanywe kwanza kwa nyani. Lakini wanahistoria waliofungua mafaili hayo karibu miaka 40 baadaye walikuta sababu nyingine imo humo. Kwa fikra za wakati ule dunia ilikuwa imejaa watu, utafiti wa uzazi ulikuwa umeelekezwa katika kuuzuia, na mwanamke asiyepata mtoto hakuonekana mgonjwa wa kutangulizwa.

Sababu hiyo ndiyo ninayotaka kuifuata, kwa kuwa haikuishia Uingereza. Afrika Mashariki na Kati ilikutana na fikra nyingine iliyokuwapo tangu ukoloni, iliyotazama upande wa pili lakini ikamwangalia mwanamke kwa jicho lilelile. Inasemwa mara nyingi kwamba tiba ya utasa ilichelewa kufika kwetu kwa sababu elimu yake ni ngeni na ya gharama. Naamini maelezo hayo hayatoshi. Chanzo kikuu cha utasa katika ukanda huu kilijulikana mapema, kiliandikwa na kuchapishwa, na sehemu kubwa ya kinga yake ilikuwa dawa ya bei ndogo. Kilichochelewesha ni namna swali lenyewe lilivyoulizwa. Wakubwa walipoona watu ni wachache mno, utasa ulichunguzwa kwa bidii. Walipoona watu ni wengi mno, ulinyamaziwa. Katika vipindi vyote viwili aliyekosa mtoto aliingia katika maandishi akiwa sehemu ya jumla, akatoka humo bila kuulizwa anataka nini.

Kipindi cha kwanza kinaonekana vizuri Uganda. Mwaka 1908 Kanali F. J. Lambkin wa kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza alitangaza kwamba kaswende imewashika hadi watu 80 katika kila 100 wa Buganda. Alieleza kwamba Ukristo umewafungua wanawake kutoka ulinzi wa zamani, nao wakaeneza ugonjwa. Taarifa hiyo ilizua hofu kubwa London na Kampala. Hospitali ya Mulago, ambayo leo ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya Uganda, ilianzishwa 1913 kwa ajili ya kutibu magonjwa ya zinaa. Wamisionari walifundisha wakunga, machifu walihimizwa wawapeleke watu wao kuchunguzwa, na maofisa wakaandika kuhusu taifa linalokufa. Waliyoyahofia hayakuwa ya kubuni tupu, maana uzazi wa Buganda na wa Buhaya, ng'ambo ya mpaka upande wa Bukoba, ulikuwa kweli mdogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na sehemu za pwani nazo zilionekana kuzaa kidogo kuliko bara. Lakini hofu ilikuwa ya nini hasa? Kodi hulipwa na watu, na pamba, kahawa na reli zilihitaji mikono. Mwanamke aliyeketi kwenye benchi la Mulago alikuwa akitibiwa ili jimbo lisipungukiwe na vibarua.

Swali likiulizwa vibaya, jibu nalo hupotoka, na hapa upotofu ulikuwa wa kitabibu kabisa. Idadi ya Lambkin ilikuwa kubwa mno. Madaktari waliokuja baadaye walionyesha kwamba wengi wa aliowahesabu walikuwa na magonjwa ya ngozi ya jamaa ya kaswende yasiyotokana na zinaa, buba ikiwemo, na kipimo cha damu cha wakati ule hakikuweza kutenganisha buba na kaswende. Kubwa zaidi ni kwamba kaswende haikuwa mtuhumiwa mkuu wa utasa. Kaswende humwua mtoto tumboni au humwachia mama mimba inayoharibika mara kwa mara, kwa hiyo mwenye kaswende hushika mimba lakini haifiki mwisho. Kisonono hufanya kazi nyingine. Vijidudu vyake hupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija miwili ambayo yai hupita kukutana na mbegu. Huko huunguza utando laini wenye vinyweleo vya kulisukuma yai, na kidonda kinapopona kuta za mrija hugandana. Mwanamke anaendelea kupata hedhi kama kawaida, pengine hakumbuki hata homa aliyougua, wala haoni dalili yoyote ila ile moja ya miezi kupita bila mimba. Klamidia hufanya hivyohivyo kwa ukimya zaidi, na umuhimu wake ulitambuliwa vizuri katika miaka ya 1970 tu. Uchafu unaoingia wakati wa kujifungua au mimba inapotoka nao huziba mirija. Ndiyo maana wengi walizaa mtoto mmoja, kisha basi. Kampeni iliyokuwa ikiwinda kaswende kwa ajili ya kuhesabu vifo vya watoto ilimpita jirani mwanamke wa aina hii, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kufa.

Magharibi ya Maziwa Makuu hali ilikuwa nzito kuliko Buganda. Uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu uliofanywa katika Kongo ya Wabelgiji kati ya 1955 na 1957 ulionyesha maeneo ya kaskazini, hasa Tshuapa na Uele, ambako sehemu kubwa ya wanawake waliovuka umri wa kuzaa hawakuwahi kupata mtoto hata mmoja. Mahali pengine walifika thuluthi. Ukanda huo uliendelea hadi Jamhuri ya Afrika ya Kati, Gabon na Kameruni. Maofisa na baadhi ya wamisionari walikuwa na maelezo yao tayari: uvivu wa maadili, ndoa za mitara, dawa za miti za kutoa mimba, hata kukata tamaa kwa kabila zima baada ya kushindwa. Hilo la mwisho lilikuwa na chembe ya ukweli isiyotajwa kwa jina lake, maana Tshuapa iko katika nchi iliyoteswa kwa ajili ya mpira wakati wa Mfalme Leopold wa Pili, na pale ambapo askari hupita wakiwateka wanawake, magonjwa ya zinaa hubaki nyuma. Aliyeikata mizizi hoja ya maadili alikuwa Anne Retel-Laurentin, daktari wa Kifaransa aliyekuwa pia mwanaethnolojia. Alikaa miaka mingi na Wanzakara wa Afrika ya Kati, akauliza familia moja baada ya nyingine, akapima, na katika kitabu chake cha 1974 kuhusu utasa wa Afrika akaonyesha kwamba jambo hili ni la magonjwa. Namheshimu kwa sababu alifanya jambo ambalo tume nyingi kabla yake hazikulifanya: alisikiliza habari ya ndoa nzima, na nini kilimpata mke aliyekosa mtoto, alirudishwa kwao au alibaki. Utasa aliouona ulikuwa na historia, dalili na njia ya kuambukiza. Kwa hiyo ulikuwa na tiba na kinga.

Mahali pengi kinga ilianza kufika bila kukusudiwa. Penisilini ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, na kampeni za sindano dhidi ya buba zilipopita vijijini katika miaka ya 1950, uzazi ulianza kupanda Buganda, Buhaya na sehemu kadhaa za Kongo. Hakuna aliyeuita ushindi wa tiba ya utasa. Ulipoonekana katika sensa, uliitwa tatizo.

Tangu hapo mizani iligeuka, tena kwa kasi. Mwaka 1968 kitabu cha Paul Ehrlich kilichofananisha ongezeko la watu na bomu kilisomwa duniani kote. Kenya ilikuwa tayari imeanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1967, ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara, na uchunguzi wa 1977 na 1978 ulipoonyesha kwamba mwanamke wa Kenya anazaa kwa wastani watoto 8, nchi hiyo ikawa mfano unaotajwa katika kila mkutano wa wafadhili. Siupingi uzazi wa mpango. Umeokoa maisha ya akina mama wengi, na mwanamke aliyechoka kuzaa anastahili kupumzika bila kuomba radhi. Nalalamikia jinsi neno lilivyokatwa nusu. Tanganyika ilipopata chama chake mwaka 1959, jina lililodumu lilikuwa Chama cha Uzazi na Malezi Bora, na jina hilo halisemi kwamba uzazi bora ni kuzaa kidogo tu. Lakini kadiri vidonge, vitanzi na mabango vilivyoongezeka, mpango wa uzazi katika masikio ya watu ulikuja kumaanisha kuzuia. Aliyeingia zahanati akitaka kuzaa alikuta kabati halina kitu chake. Na wastani wa watoto 8 una kasoro moja kubwa: hauwezi kumwonyesha mwenye sifuri. Kila mwenye sifuri ana majirani wenye 10 wanaomfunika.

Ukimya huo haukutokana na kukosa ushahidi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani liliendesha uchunguzi uliowapima wanandoa wasiopata mtoto kwa utaratibu mmoja, mume na mke pamoja, katika vituo 33 vya nchi 25. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985 katika jarida la Lancet, kwa makala iliyouliza waziwazi kama Afrika ni tofauti. Ilikuwa tofauti. Kati ya wanawake wa Kiafrika waliopimwa, takriban 85 katika kila 100 walikuwa na tatizo lililoweza kuhusishwa na maambukizi; kwingineko walikuwa kama thuluthi. Karibu nusu ya Waafrika hao walikuwa na mirija iliyoziba pande zote mbili. Uchunguzi huo ulikuwa na faida nyingine kwetu ambayo bado haijatumika ipasavyo: ulionyesha kwamba katika ndoa nyingi tatizo liko kwa mume, au kwa wote wawili. Kiswahili cha mtaani kina neno tasa, na kila anayelisikia humfikiria mwanamke. Mwanamume mwenye nguvu zote za kiume lakini asiye na mbegu hana jina, na asiye na jina hapelekwi kupimwa.

Sasa rudi Oldham, kwa sababu kilichotengenezwa pale kilikuwa jibu la ugonjwa huohuo. Edwards hakuanzia kwa wagonjwa. Alianza na chembeuzi za panya, akataka kujua mayai ya binadamu hukomaaje, na mwaka 1965 alichapisha kwamba yai lililotolewa kwenye ovari huhitaji saa 36 hivi kukomaa nje ya mwili. Tatizo lilikuwa kuyapata mayai bila kumpasua mwanamke tumbo. Steptoe, ambaye wakubwa wa taaluma yake hawakumjali sana, alikuwa amebobea katika laparoskopu, bomba jembamba lenye taa linalopitishwa kwenye tundu dogo karibu na kitovu. Walipokutana mwaka 1968 kila mmoja alikuwa na nusu ya kazi. Mwaka 1969, pamoja na Barry Bavister aliyetengeneza maji ya kulelea mayai na mbegu, walitangaza kwamba wamerutubisha mayai ya binadamu katika kioo. Msaidizi wa Edwards, Jean Purdy, muuguzi kwa taaluma, ndiye aliyeisimamia maabara katika hospitali ndogo ya Kershaw karibu na Oldham, akaandika kumbukumbu za kila yai kwa mkono wake. Baada ya kunyimwa fedha za Baraza, waliendelea kwa michango ya watu binafsi, na kwa miaka mingi Edwards na Purdy walisafiri kwa gari kutoka Cambridge hadi Oldham na kurudi, saa nyingi kila safari.

Wanawake 282 walijitolea kati ya 1969 na 1978. Waliozaa katika kazi ile ni wawili. Tunapaswa kuitazama hesabu hiyo kwa muda kabla ya kuendelea, maana mafanikio yakishapatikana, walioshindwa husahaulika. Kwa miaka kadhaa mimba haikushika hata moja, na baadaye watafiti walishuku kwamba homoni waliyowapa wanawake ili kuilinda mimba ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Mimba ya kwanza, iliyoripotiwa 1976, ilitunga nje ya mji wa mimba, ikabidi iondolewe. Waliacha dawa za kukuza mayai mengi, wakafuata mzunguko wa mwanamke mwenyewe, wakipima mkojo mchana na usiku ili wasiikose saa ya yai moja. Lesley Brown wa Bristol, ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, alitolewa yai lake hilo moja Novemba 1977. Binti yake Louise alizaliwa kwa upasuaji tarehe 25 Julai 1978, kabla tu ya saa sita usiku. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39, Steptoe mwaka 1988, na Nobeli ya 2010 ikampata Edwards peke yake. Kibao cha kumbukumbu kilipowekwa Oldham hakikuwa na jina la Purdy, ingawa Edwards aliandika barua kusisitiza kwamba liwemo. Hata baada ya Louise kuzaliwa serikali ya Uingereza haikutoa fedha, na kliniki ya Bourn Hall ilianzishwa 1980 kama shughuli ya binafsi. Tiba hii ilizaliwa sokoni, katika nchi yenye huduma ya afya ya bure, na ninaona kwamba jambo hilo limeathiri safari yake yote iliyofuata.

Basi mwaka 1978, mwaka uleule Kenya ilipokuwa ikihesabiwa watoto 8 kwa kila mama, ilipatikana njia ya kumzalisha mwanamke mwenye mirija iliyoziba. Na kufikia 1985 ilikuwa imethibitishwa kwamba Afrika ndiyo yenye wanawake wengi zaidi wa namna hiyo kati ya wenye shida ya uzazi. Ugonjwa na jibu lake vilikuwa vimekwisha kujuana katika kurasa za majarida. Pingamizi la kwanza, ambalo nalichukulia kwa uzito, ni kwamba nchi zenye malaria, surua na vifo vya wazazi hazikuweza kununua maabara kama ya Oldham. Ni kweli. Waziri wa afya wa miaka ya 1980, aliyebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji, angekosea kujenga maabara ya upandikizaji mimba huku wodi ya wazazi haina damu. Wanaosema kinga ni bora kuliko tiba nao wana haki, na waandishi wa makala ya 1985 wenyewe walisisitiza kinga. Ila kama gharama ndiyo iliyokuwa kizuizi, tungetarajia kwamba ile kinga ya bei nafuu ingefanywa. Haikufanywa. Zahanati ziliendelea kukosa dawa za kutosha za kisonono, na watumishi hawakufundishwa kuitafuta.

Mwanza ndiyo inayolithibitisha hili kuliko mahali popote ninapopajua. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Ulaya walizigawa jamii 12 za vijijini katika mkoa huo makundi mawili. Katika jamii 6 waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo tayari: waliwafundisha watumishi kutibu kwa dalili bila kungoja maabara, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakawaelimisha wanavijiji. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii 6 nyingine. Dunia iliupokea utafiti ule kama habari ya UKIMWI, na ilikuwa habari kubwa. Lakini tazama umetuonyesha nini kuhusu mada yetu. Kazi ambayo ingeilinda mirija ya wanawake wa Buhaya tangu penisilini ilipopatikana iliwezekana katika zahanati za kawaida, mikononi mwa watumishi wa kawaida. Ilingoja ugonjwa unaoua. Mwanamke mwenye mirija iliyoziba hakufa, kwa hiyo hakuwa na takwimu ya kumwombea.

Pingamizi la pili ni lile la 1971 lenyewe: kwa nini kuongeza watoto katika nchi ambazo haziwezi kuwasomesha waliopo? Likitazamwa kwa hesabu tu, halina nguvu, kwa kuwa watoto wanaopatikana kwa tiba ni tone katika mto wa wanaozaliwa bila msaada wowote. Likitazamwa kwa haki ni baya zaidi, kwa sababu linamtaka mwanamke mmoja alipie watoto wa jirani zake. Tena linajiharibia lengo lake. Kila aliyefanya kazi ya uzazi wa mpango vijijini anaijua minong'ono kwamba vidonge na sindano huharibu kizazi. Ni uongo, lakini uongo haumei penye jiwe. Unamea katika vijiji ambako watu wanawaona kwa macho yao wanawake waliokosa watoto bila kuelezwa sababu, na ambako serikali inatoa huduma ya kuzuia lakini haina ya kusaidia. Anayeogopa kwamba akifunga mlango hautafunguka tena hataufunga. Mwaka 1994 mkutano wa Cairo kuhusu idadi ya watu na maendeleo ulikubali hatimaye kuweka kinga na tiba ya utasa ndani ya huduma za afya ya uzazi. Kwa maandishi nusu iliyokatwa ilirudishwa. Fedha hazikuifuata.

Wapo wanaosema Mwafrika hana haja ya maabara kwa kuwa mtoto kwetu ni wa ukoo: mgumba hulea mtoto wa ndugu, naye huitwa mama. Desturi hiyo ni ya kweli na nzuri. Lakini Retel-Laurentin na wengine waliosikiliza ndoa za wasio na watoto walikuta talaka, uke wenza na wanawake wanaozunguka kwa waganga hadi mali inaisha, na hayo yalitokea katika jamii zilezile zenye malezi ya ukoo. Mtoto wa kulea huja kwa hisani ya mwingine na anaweza kuchukuliwa. Kuhusu dini, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa ndiyo kizuizi kikubwa, historia inashangaza. Fatwa ya Misri ya Machi 1980, iliyotolewa na Sheikh Gad al-Haq Ali Gad al-Haq, ilikubali urutubishaji nje ya mwili madamu yai na mbegu ni za mume na mke waliomo katika ndoa, ikakataa mtu wa tatu. Msikiti ulijibu ndani ya miaka miwili ya kuzaliwa kwa Louise, na jibu lake limeongoza kliniki za Misri na Ghuba hadi leo. Vatikani ilikataa mwaka 1987, ikishikilia kwamba kutunga mimba kusitenganishwe na tendo la ndoa, na waumini wengi wa ukanda wetu wamebaki na uzito huo moyoni. Kwa waumini hao mashaka yalikuwa na yangali ya kweli. Lakini kwa Muislamu wa Lamu au Unguja mwenye mke mmoja ambaye mirija yake imeziba, mlango wa sheria ulikuwa wazi miaka mingi kabla mlango wa hospitali haujakuwapo.

Tiba ilipokuja ilikuja kwa njia ya soko, kama ilivyozaliwa. Afrika Kusini ilipata mtoto wake wa kwanza wa namna hii mwaka 1984, na Nigeria mwaka 1989 katika hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Lagos, ambako maprofesa walioona ukubwa wa tatizo walifanya kazi ndani ya hospitali ya umma. Kwetu ilikuwa kliniki za binafsi: Kampala mwaka 2004, Nairobi Mei 2006. Kati ya Oldham na Nairobi ilipita miaka karibu 28. Walioweza walikwenda India au Afrika Kusini. Walioshindwa waliendelea na kuzibua mirija kwa upasuaji usio na matumaini makubwa, au na mafuta na mizizi. Sitaki kuwalaumu madaktari walioanzisha kliniki hizo, maana bila wao tusingekuwa na wataalamu wa kufundisha wengine. Lakini bei ya mzunguko mmoja wa matibabu hupita mapato ya mwaka ya mkulima, na kisonono kimewapata zaidi wasio na uwezo wa kulipa.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na utasa wakati fulani wa maisha yake, na kwamba nchi tajiri na maskini hazitofautiani sana. Nyuma ya kadirio hilo ipo kazi inayoendelea ya kuishusha bei. Huko Genk, Ubelgiji, daktari Willem Ombelet, akishirikiana na Jonathan Van Blerkom wa Marekani, alijaribu kuondoa kifaa cha gharama kubwa katika maabara, yaani kabati linalolishwa gesi safi ili viinitete vikue. Walichukua mirija miwili ya kioo iliyounganishwa. Katika mmoja waliweka magadi soda na asidi ileile iliyomo kwenye ndimu, vikatoa hewa ya kaboni kwa kipimo kinachotakiwa. Katika mwingine wakaweka yai na mbegu. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka 2012. Hadubini, dawa na fundi stadi bado vinahitajika, na mume mwenye mbegu chache mno hatasaidiwa na njia hii peke yake. Ila imefaa zaidi kwa ugonjwa uleule wa Lesley Brown, ambao pia ndio ugonjwa wa Bukoba na wa Tshuapa.

Mwanamke wa Tshuapa aliyekuwa na miaka 20 makarani wa Wabelgiji walipopita kijijini kwao mwaka 1956, na ambaye mirija yake ilikuwa imekwisha kuziba, alikuwa na miaka 42 Louise Brown alipozaliwa, 49 Lancet ilipouliza kama Afrika ni tofauti, na 70 watoto wa Nairobi walipolia kwa mara ya kwanza. Katika safu ya watoto karani alimwandikia sifuri, akaenda nyumba iliyofuata.